Kibao cha Ghorofa ya Kumi na Moja

Mjomba hakuwahi kubonyeza kitufe bila kukipapasa kwanza. Iwe rimoti ya televisheni, kengele ya mlangoni au swichi ya taa, kidole gumba chake kilikizunguka mara moja, polepole, kama mtu anayepima kama parachichi limeiva, ndipo akakibonyeza. Mama yangu, ambaye alikuwa dada yake mkubwa, alizoea kumwambia, "Wewe ukienda kuwasha taa, giza linachoka lenyewe kukungoja." Yeye alicheka tu. Alikuwa fundi wa lifti kwa miaka thelathini na moja, na alisema kitufe ni kama mtu, humgusi kabla hujajua amekaaje.

Alihudumia jengo la ofisi la ghorofa kumi na mbili lenye lifti mbili, zote za umri mkubwa. Chumba chake kilikuwa juu kabisa, chini ya paa, pamoja na mota na nyaya za chuma zilizopakwa grisi. Hapo alikuwa na kiti kimoja, birika la umeme, na kabati la vipuri alilolipanga vizuri kuliko mimi ninavyopanga jikoni kwangu. Asubuhi mlinzi wa mapokezi alimpokea kwa utani uleule.

"Fundi, lifti yako ya kushoto ina mimba. Inapanda kwa kuhema."

"Iandikie likizo. Mkunga ndiyo huyu ameingia."

Mimi nimesoma chuo, na kazi yangu ni kuhariri vitabu vya shule. Nafuta, nanyoosha, napunguza. Kwa sababu hiyo Mjomba aliniita Bi Nukta. Alisoma hadi darasa la saba tu, lakini kulikuwa na jambo moja kuhusu maandishi alilolijua kuliko mimi, na alinieleza mara nyingi nikamsikiliza kwa sikio moja. Alisema mtu aliyekwama ndani ya lifti hasomi. Unaweza kumwandikia kitabu kizima ukutani, hataona hata herufi moja. Macho yake yanatafuta umbo. Mchoree kengele, ataibonyeza hata kama analia.

Alipokuwa na miaka arobaini na tisa, mpangaji mmoja wa ghorofa ya saba alihama akaacha mashine ya gemu kwenye boksi, pamoja na padi yake, ile ya kushika kwa mikono miwili yenye vitufe pande zote. Mjomba aliibeba nyumbani. Ndani yake akakuta gemu ambayo wachezaji hujijengea wenyewe michezo midogo, leveli kama wanavyoziita, kisha huituma ili wengine popote walipo waicheze. Hakulala na wazo hilo, akaanza kujenga. Na alijenga nini? Lifti. Lifti zinazokwama, lifti zinazopita pembeni, lifti ambazo lazima uzibembeleze ndipo zipande. Jumamosi mchana nilipomtembelea katika vyumba vyake viwili, nilimkuta amekaa mbele ya skrini, miwani imeshuka puani, ulimi umetoka kidogo.

"Mtu mzima na gemu," nilimwambia.

"Mtu mzima na nukta," alinijibu.

Mjomba alikuwa na binti mmoja. Tulimwita Chiriku, kwa sababu utotoni hakunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni. Wazazi walipoachana, Chiriku akiwa na miaka tisa, mama yake alipanga kuondoka naye kwenda nchi nyingine. Mjomba alimwahidi mtoto kwamba atakuja kituoni kumuaga. Siku hiyo lifti ya kulia ilikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, ndani mna watu wanne, mmoja wao mjamzito. Alipowatoa na kufika kituoni, basi lilikuwa limeondoka. Mtu wa tiketi alimwambia kuna mtoto alikuwa amekaa kwenye benchi pale, ameweka mkoba wake pembeni, na kila aliyetaka kukaa alimwambia, "Hapa pana mtu."

Kwa miaka kumi na saba walibaki wakitumiana salamu za sikukuu na picha. Kisha mwaka mmoja Chiriku akataja kwenye ujumbe kwamba jioni, akitoka kazini, hupumzika kwa gemu, na gemu yenyewe ilikuwa ile ile. Mjomba alinipigia simu nikiwa kwenye kikao. Nilidhani kuna msiba.

"Nimemuuliza nimjengee leveli," alisema, sauti imempanda kama ya kijana. "Amesema, jenga, nitaona."

Alijenga kwa miezi minne. Mchezaji alikuwa msichana mdogo aliyeshikana mkono na mzee, na wawili hao walipanda pamoja jengo la ghorofa kumi na moja. Alitaka ziwe kumi na saba, alisema, lakini gemu ikamgomea. Katika kila ghorofa kulikuwa na kazi ya kufanya ili lifti isogee, na ilihitaji kama nusu saa kufika juu. Juu kabisa palikuwa na mlango mmoja. Ukiufungua, nyuma yake unakuta benchi ya watu wawili, haina mtu. Mzee na msichana wanakaa, na gemu inaisha.

Hakuwa na maneno ya kumwomba radhi mwanawe. Alikuwa na benchi hiyo.

Kilichobaki kilikuwa vibao. Katika gemu ile mjenzi anaweza kusimamisha kibao na kuandika maelekezo, na Mjomba hakuiamini sentensi yake. Akaniita nimsaidie. Niliketi kwenye kiti chake nikasoma kibao kimoja baada ya kingine, nikasahihisha. Viwili tu vilitaja vitufe. Cha kwanza, chini kabisa, kilimwelekeza mchezaji kushika mkono wa mzee. Cha mwisho, ghorofa ya kumi na moja, kilimwelekeza kufungua mlango. Katika vyote viwili, mahali pa jina la kitufe, palikuwa na duara dogo la rangi.

"Hizi picha za nini katikati ya sentensi?" niliuliza.

"Si picha. Ni alama ya kitufe."

"Zinakata sentensi, Mjomba. Kama kitabu cha chekechea."

"Acha zikate. Kule aliko sijui ana mashine ya aina gani, na padi hazifanani. Ukiweka hiyo alama, gemu yenyewe inamwonyesha kila mchezaji kitufe kilichomo mkononi mwake."

"Nikiandika 'bonyeza X' hataelewa? Chiriku amesoma."

"Bi Nukta, siku ukikwama kwenye lifti utasahihisha kwanza tangazo, ndipo upige kengele."

Tulicheka. Simu yake ikalia. Lifti ya kushoto imesimama, mlinzi anaita. Mjomba alichukua mfuko wa vifaa, akavaa kiatu kimoja huku akiruka kwa mguu mwingine.

"Malizia, kisha itume. Nimekuonyesha pa kubonyeza. Lakini alama ziache."

Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia.

Alipoondoka nilisoma tena kibao cha mwisho. Lile duara lilinikera kama chembe ya mchanga kwenye wali. Nikainua padi yake nikaangalia: kitufe cha kufungulia, kile cha chini, kilikuwa na X. Nikafuta alama. Nikaandika: "Umefika, mwanangu. Bonyeza X, na mlango utafunguka." Kwenye kibao cha kwanza nikaandika "kitufe cha nyuma cha kulia." Nilisoma kwa sauti, peke yangu chumbani, nikapendezwa na mdundo wake. Kisha nikaituma.

Jibu la Chiriku lilikuja baada ya siku tisa. Mjomba alinipa simu niusome mwenyewe ujumbe, kama mtu anayempa daktari kipimo.

"Baba, nimepanda mara tatu. Mara zote tatu nimefanya ulivyoniambia, na mara zote umeniachia mkono nikaanguka mpaka chini, wewe umebaki juu unaniangalia. Nimeelewa. Tusijengeane tena."

"Sijamwelewa," Mjomba alisema. "Nimeijaribu. Mlango unafunguka."

Aliwasha mashine akanionyesha. Msichana na mzee walipanda, wakafika, akabonyeza, mlango ukafunguka, benchi ile pale. Hakukisoma kibao, kwani nani husoma kibao alichokisimamisha mwenyewe? Na hata angekisoma, kwenye mashine yake ile alama ilikuwa ni X ndani ya duara. Kutoka kwenye kiti chake, kwa macho yake ya miaka hamsini na saba, herufi yangu na alama yake vilifanana.

Alimwandikia binti yake mara mbili. Hakujibiwa. Mwishowe alisema, "Anatafuta sababu. Ana haki ya kutafuta," akaifunika mashine kwa taulo la bluu.

Wiki tatu baadaye nilipeleka kurasa za kitabu cha sayansi nyumbani kwa mchoraji wetu. Mezani kwake palikuwa na padi ya gemu, ya aina nyingine, nyeusi, kubwa kidogo. Niliishika bila kuwaza. Kitufe cha chini kilikuwa na A. X ilikuwa kushoto.

Nilimwomba aifungue leveli ya Mjomba. Nilimwambia ni ya jamaa yangu tu. Mchoraji ni mtu mwepesi wa vidole, alipanda ghorofa zote huku akisifu: "Huyu jamaa ni fundi kweli." Kibao cha kwanza kilimwambia abonyeze kitufe cha nyuma cha kulia, akabonyeza, msichana akashika mkono. Kilikuwa sahihi kwa bahati, na ndicho kilichomfanya akiamini cha pili. Akafika juu. Akasoma kwa sauti maneno yangu, "Umefika, mwanangu." Akabonyeza X. Kwenye padi yake X ilikuwa kitufe cha kuachia mkono. Msichana alichomoka, akaanguka katika shimo la lifti, ghorofa baada ya ghorofa, na mzee akabaki juu ameinamisha kichwa kutazama.

"Loo!" mchoraji alicheka. "Huyu mzee ana roho mbaya."

Niliaga nikasahau kurasa zangu mezani.

Ningemwambia Mjomba jioni ileile. Badala yake nilijiambia presha yake, iliyokuwa imepanda tangu ujumbe ule, kwanza itulie. Ilipotulia nikajiambia msimu wa kuchapa vitabu uishe. Msimu ulipoisha, mama yangu aliugua mafua, nikayakuza mafua yake kama homa ya mapafu. Mwenye kosa hakosi kalenda. Jumamosi zote nilikwenda, nikakaa, nikanywa chai, nikatazama lile taulo la bluu. Siku moja aliniuliza, bila kuniangalia, akimenya chungwa:

"Yale maneno yalikaa sawa, eti?"

"Yalikaa sawa, Mjomba."

"Najua. Wewe hukosei maneno."

Miezi mitano ilipita hivyo tangu ujumbe wa Chiriku. Alikuwa bado anamtania mlinzi, bado anafungua mota na kuifunga, lakini hakujenga kitu. Jumamosi moja nilimkuta ameifunga mashine kwenye boksi kwa kamba.

"Wapelekee watoto wa yule mchoraji wenu," alisema. "Mimi nimemaliza."

Nilisimama nimeshika kamba ya boksi. Nadhani ningeweza kulibeba lile boksi hadi barabarani, na siri yangu ingekwenda nalo. Nikaliweka chini.

"Mjomba, alama nilizifuta mimi."

"Alama gani?"

"Za vitufe. Niliandika X. Kwenye mashine nyingine X iko kushoto."

Alikaa. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama fundi anavyomuuliza mtu aliyemwita baada ya kuchokonoa mwenyewe.

"Ulifuta ngapi?"

"Mbili. Ya kushika mkono na ya mlango."

"Ya kushika mkono uliandikaje?"

"Kitufe cha nyuma cha kulia."

"Hiyo haina neno." Vidole vyake vilishika padi isiyokuwepo, kidole gumba cha kulia kikasogea kushoto. "Kushoto ni kuachia."

"Ndiyo."

"Na yeye alibonyeza nilichomwambia."

"Ndiyo, Mjomba."

"Mara tatu."

Alikwenda dirishani akarudi.

"Lini umejua?"

Nikamwambia. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika.

"Miezi minne na ushei. Unakaa hapo, unakunywa chai yangu, unaniangalia namlaumu mtoto." Alisema "mtoto" kwa sauti ya chini sana. "Nilimwona ana moyo mgumu. Nilisema ametoa kwa mama yake. Kumbe ametii."

Nilimwomba msamaha. Akainua mkono, si kwa kukubali, kwa kunizuia nisiendelee. Alifungua kamba ya boksi, akaunganisha nyaya, akawasha. Alifika kwenye kibao cha ghorofa ya kumi na moja, akasogea karibu na skrini mpaka pua ikakaribia kuigusa, akaifuta herufi yangu, akaweka alama. Kisha akafuta na maneno mengine yote. Kibao kikabaki na duara peke yake.

"Mwandikie wewe," aliniambia. "Mimi nikimwandikia ataona najitetea. Wewe ndiye shahidi. Mwandikie leo."

Alinisindikiza hadi mlangoni, akanipa na la kuandika. Niliitikia kama mtu anavyoitikia salamu, maana kichwani nilikwisha anza kutunga langu.

Nililitunga Jumamosi, nikalitunga Jumapili. Nilianza kwa kueleza aina mbili za mashine, nikaona ni baridi mno. Nikaanza na utoto wetu, nikaona najipendekeza. Nikaweka aya kuhusu lifti ya kulia na yule mjamzito, nikaiondoa, nikairudisha. Jumatatu nilikuwa na kurasa mbili. Jumanne nilibadilisha neno "kosa" kuwa "uzembe," Jumatano nikarudisha "kosa." Mjomba alinipigia siku hiyo mchana nikiwa kikaoni, sikupokea, nikamtumia ujumbe: "Leo nitatuma."

Alhamisi asubuhi lifti zote mbili zilikuwa zimesimama kwa ajili ya ukaguzi, na Mjomba alipanda kwa ngazi na mfuko wake wa vifaa. Alifika ghorofa ya tisa. Mfagiaji alimkuta ameketi kwenye kona ya ngazi, mgongo ukutani, mfuko mapajani, akadhani anapumzika. Alimsalimu mara mbili. Mlinzi ndiye aliyenipigia, na hakuwa na utani wowote.

Chiriku alifika siku moja baada ya maziko. Ni mwanamke mrefu sasa, na hasemi sana. Tulipobaki wawili tu nyumbani kwa Mjomba nilimpa simu yangu, yenye zile kurasa mbili ambazo sikuwa nimezituma. Alizisoma zote, amesimama. Akaniuliza nimezianza lini. Nikamwambia.

"Jumapili nilikuwa nyumbani siku nzima," alisema. "Ningempigia."

Hakunitukana, na ningefurahi kama angenitukana. Mashine alikwenda nayo. Sijamuuliza kama amepanda tena.

Watu waliokuja kutupa pole walinieleza jinsi Mjomba alivyonisifu kazini, eti mpwa wake anaandika vitabu vya watoto wa nchi nzima. Naitikia. Ninaporudi ofisini nakaa mbele ya kurasa za wengine, nafuta, nanyoosha, na kila nikifuta kitu najiuliza aliyekiweka alikuwa amemwona nani akikwama. Mimi nilikuwa na siku tano na kurasa mbili. Yeye alikuwa amenipa barua nzima pale mlangoni siku ile ya Jumamosi, ameegemea fremu, pekupeku, taulo la bluu limemning'inia begani, nami tayari nashuka ngazi:

"Mwambie hakubonyeza vibaya. Basi. Usiongeze neno."